Mwalimu na Zile Moja Saba

Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima wala si kwa chuki, ingawa chuki ninayo ya kutosha. Ni kwamba mimi ni mkamwana wake, mke wa mwanawe, na huku Unyakyusa mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, na wakikutana njiani mwanamke huacha njia, huingia majanini na kufunika kichwa mpaka mzee apite. Mama yangu alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa Lyulilo, na nyumbani kwetu mambo hayo hayakukazwa kiasi hicho. Niliyavaa ukubwani, kama nguo ya kuazima inayobana kwapani. Basi nitamwita Mwalimu, kama nilivyomwita kabla mambo hayajaharibika.

Shule yake ilikuwa banda la mianzi karibu na ziwa, mwendo mfupi kutoka sokoni Lyulilo, zama za Wajerumani. Misheni ilimtoa Ngana ikamleta kwetu na mkewe na mwanawe mmoja. Alikuwa mfupi mwenye kifua kipana, na koti lake moja halikuwa na kifungo hata kimoja, akilifunga kwa kamba ya mgomba. Ubao aliufuta kwa kiwiko. Kwa hiyo kiwiko chake cha kulia kilikuwa cheupe siku zote, kanisani na hata msibani, na wanawake wa sokoni walikuwa wakisema Mwalimu ameongeza mke wa pili, jina lake Chaki.

Hesabu ilimkaa mwilini. Akiandaliwa samaki, hali mpaka awahesabu aone kama watagawanyika sawasawa. Mbasa kumi na wawili walimfurahisha. "Hawa wapole," alisema, "wanakubali wawili, watatu, wanne, hata sita." Wakiwa kumi na watatu alicheka peke yake akasema, "Wakaidi hawa." Wakaidi ndilo jina alilozipa namba zote zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na wenzao. Tulimaliza shule tukiwajua wakaidi wote mpaka mia moja, ishirini na watano, tukiwaimba kwa kupokezana. Mpaka leo nikipepeta mpunga huwaimba, na wajukuu zangu hudhani ni wimbo wa kanisa.

Alikuwa mkali, tena mwepesi wa machozi. Alimchapa binti mmoja kwa kusahau saba mara nane, kisha akamkuta nyuma ya banda analia, akaketi chini akalia naye. Alichukia uvivu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulima hata tuta moja la viazi, mkewe ndiye aliyelima. Alituambia tusiape, naye akikosea kuzidisha aliapa kwa mama yake mzazi.

Watoto wa wakubwa walitucheka sisi watoto wa wafinyanzi kwa sababu ya udongo wa kwenye kucha. Mwalimu aliwanyamazisha. "Hesabu haijui wewe ni mtoto wa nani," alisema, "inajua umepata au umekosa." Nililiamini neno hilo nikalibeba nyumbani. Na Jumapili, akisimama kuhubiri, alikuwa na neno jingine lililowafanya wanawake wachekee mikononi na wazee watazame miguu yao. "Mkwe si simba," alisema. "Mkristo hamkimbii mkwe wake majanini. Mambo hayo yamekwisha." Hilo nalo nililiamini. Ndilo kosa langu, na sioni aibu kulisema, maana mwenye kuona aibu ni yule aliyeaminiwa.

Lakini kipenzi chake hasa kilikuwa namba moja. Aliiandika juu kabisa ya ubao kila Jumatatu: 1111111. Moja saba zimesimama bega kwa bega. Milioni moja, laki moja na elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja. Alipotaka kutushangaza aliizidisha kwa yenyewe. Alianza na ndogo: kumi na moja mara kumi na moja, 121. Mia moja na kumi na moja mara yenyewe, 12321. Akapanda hivyo hivyo mpaka zile saba, na jibu likaenea ubao mzima: 1234567654321. "Mnaona?" alisema. "Inapanda moja moja, inafika kileleni kwenye saba, halafu inashuka kwa njia ile ile." Akaelekeza kidole milima ya Ukinga iliyotuinamia nyuma ya banda. Nilikuwa nimeiona milima ile tangu kuzaliwa, lakini siku hiyo niliitazama mpaka jioni.

Kisha akatuonyesha jambo lililokuwa zuri zaidi. Chukua moja sita tu, 111111. Hiyo ni mpole wa wapole: tatu inaigawa, saba inaigawa, kumi na moja inaigawa, kumi na tatu inaigawa, hata thelathini na saba inaigawa, wala hakibaki kitu. Sasa ongeza moja ya saba mwishoni. Jaribu tatu: inabaki moja. Jaribu saba: inabaki moja. Kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba, wote wanabakiza moja. Alilifanyia mahubiri jambo hilo. Siku sita za kazi, alisema, kila mtu anazikata apendavyo, lakini ya saba ikiingia hakuna awezaye kuzikata, kwa sababu hiyo ni ya Mungu. Zile moja saba zilikuwa mkaidi mkuu. Alikuwa amejaribu wakaidi wote mpaka mia, hakuna aliyeingia. "Na baada ya mia?" nilimuuliza. "Baada ya mia wanachoka," alijibu, akafuta ubao kwa kiwiko.

Mkaguzi wa shule za misheni, Mjerumani mrefu aliyekuja mara moja kwa mwaka, aliiona namba ile ubaoni, akaambiwa haigawanyiki, akacheka kidogo. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba neno la Mwalimu si ushahidi. Atakaporudi baada ya mavuno ya mpunga, atakayemwonyesha mgawanyo wa namba ile, au atakayethibitisha kuwa haina, atapelekwa stesheni kuu ya misheni kufundisha hesabu. Akiwa mwanamume, atafundisha wavulana. Akiwa mwanamke, wasichana. Alisema hivyo mbele yetu sote. Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kumaliza madarasa yote ya banda lile, nikimsaidia Mwalimu kuwafundisha wadogo. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sijawahi kutaka kitu kiasi hicho tena.

Mama alikuwa akitengeneza vyungu vya kupakia mitumbwini kabla ya upepo kubadilika, nami nilikuwa nikimsaidia kulainisha. Udongo mbichi wa chungu ni ubao mzuri kuliko ubao. Kila chungu nilichopewa nilikikwaruza mkaidi mmoja kwa kijiti cha tete, kuanzia mia moja na moja. Njia yenyewe ni ile ya Mwalimu: gawanya, chukua kilichobaki, kitie moja nyuma yake, gawanya tena, mpaka moja zote saba ziishe. Nikimaliza, nafuta kwa kidole chenye maji. Mama alinung'unika. "Watu wananunua chungu," alisema, "hawanunui mikwaruzo." Lakini hakunikataza.

Chungu cha ishirini na saba kilikuwa cha mia mbili thelathini na tisa. Katika elfu moja mia moja na kumi na moja inaingia mara nne, inabaki mia hamsini na tano. Tia moja: 1551, mara sita, inabaki mia na kumi na saba. Tia moja: 1171, mara nne, inabaki mia mbili na kumi na tano. Tia moja ya mwisho: 2151. Mia mbili thelathini na tisa mara tisa ni 2151. Hakikubaki kitu. Nilikaa pale nimekumbatia chungu kibichi mpaka kikabonyea.

Nilikimbia mpaka bandani. Nilimweleza Mwalimu habari ya chungu, nikamwonyesha kila hatua. Aliandika 239, akaandika 4649, akazizidisha polepole, mstari baada ya mstari, na moja saba zikajipanga chini ya mkono wake. Mahubiri yake yalikuwa yamevunjika pale pale, nami niliogopa. Yeye akacheka. Alirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu, akazunguka ubao, machozi yanamtoka. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema, asante sana, akarudia mara nyingi. "Bwana mkaguzi akija, utasimama hapa mwenyewe. Mpaka siku hiyo usimwambie mtu." Siwezi kumsingizia. Furaha ile ilikuwa ya kweli.

Miezi miwili kabla ya mkaguzi kurudi, ng'ombe wa Mwalimu walifika nyumbani kwetu. Alikuwa ananiposea mwanawe. Kijana nilimjua, mtu mtaratibu, mkulima, asiyependa ugomvi. Lakini ukweli ni kwamba sikumtazama sana kijana. Niliona naingia katika nyumba yenye ubao. Mama ndiye aliyesita. "Wanyakyusa wana mambo yao na wakwe," alisema. Nikamjibu kwamba Mwalimu amekwisha kuyahubiri hayo, hayapo tena. "Mahubiri ni ya Jumapili," Mama alisema. Nilimcheka.

Wiki moja baada ya arusi nilichukua kibao changu cha kuandikia, nikaenda bandani asubuhi kama siku zote. Mwalimu aliposikia hatua zangu akageukia ukuta, akakohoa. Ni kikohozi ambacho kila mwanamke wa huku anakijua, kirefu, cha makusudi, cha kumwonya mkamwana kwamba mkwe yuko karibu. Nilidhani anatania. Nilicheka nikamsalimu, "Mugonile, Mwalimu." Akauambia ukuta, "Mwambieni mke wa mwanangu arudi nyumbani. Hapa yupo mkwewe." Watoto wote walinigeukia. Niliondoka na kibao changu kifuani, na kutoka siku hiyo sikuingia tena katika banda lile.

Wanyakyusa wenyewe walikwisha kuiona taabu hii tangu zamani, ndiyo maana vijana hujenga kijiji chao mbali na baba zao. Sisi watu wa misheni tulipangwa pamoja kwa mstari ulionyooka, baba hapa, mwana hapa. Nyumba yangu ilikuwa hatua thelathini kutoka kwake. Nilitoka nyuma, niliteka maji kwa njia ya mzunguko, nilikula nimegeukia migomba. Na Jumapili bado alisimama akasema mkwe si simba. Alilisema neno hilo hilo, kwa sauti ile ile, nami nimekaa nje nyuma ya nguzo nimejifunika kitambaa.

Niliendelea kumngoja mkaguzi. Nilijiambia kwamba siku ile Mwalimu ataniita, maana alikwisha kuahidi.

Mkaguzi alikuja asubuhi moja, watu wakajaa mpaka nje ya banda, kuta za mianzi zikapitisha kila neno. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, nyuma tu ya banda. Nilimsikia Mwalimu akisoma mgawanyo wangu, hatua kwa hatua, mara nne, mara sita, mara nne, mara tisa, akikaza sauti pale pale nilipokuwa nimeikaza mimi nilipomwonyesha. Watu walipiga makofi. Mkaguzi akauliza, "Nani amepata hii?"

Nilitoka jikoni. Nilijua ninachokifanya: ningesimama usoni pa baba mkwe wangu mbele ya wazee, wangesema Mama amelea mtu asiye na adabu, ng'ombe wangerudishwa, na mume wangu angechekwa mpaka Busale. Nilipiga hatua tatu kuelekea banda. Lazima aliona kanga yangu katika nafasi za mianzi, maana alikohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile, na miguu yangu ikarudi nyuma kabla sijaiambia. Ndipo nikamsikia akisema, "Mimi, Bwana."

Nilimtuma mume wangu kwake. Nilimwambia amuulize baba yake, kwa maneno yangu hasa, ni nani aliyekikwaruza chungu cha ishirini na saba. Alirudi ameinamisha kichwa. "Anasema ulimsaidia kufuta ubao," aliniambia. Nikamuuliza yeye anasemaje. "Baba ni baba," alisema. Ni mtu mwema, mume wangu, tumezeeka pamoja, lakini jibu hilo bado liko kati yetu kama jiwe kitandani.

Mwalimu alipelekwa stesheni kuu. Waliopita mikononi mwake huko walirudi na sifa. Walisema anafundisha vizuri, walisema analia wanafunzi wakipata. Walisema wakubwa wa misheni wameipa namba ile jina lake, na kila shule ya ukanda wa ziwa inaiita hivyo. Katika nchi nzima ni mimi peke yangu nisiyeruhusiwa kulitamka jina hilo. Wanawake wenzangu walinipongeza kwa kupata mkwe maarufu.

Nimejiuliza mara nyingi kama aliniposea mwanawe ili anifunge mdomo. Siku nyingine naona hapana, alinipenda tu, akataka akili ile ibaki nyumbani kwake, na tamaa ikaja baadaye alipoona njia imekwisha kufunguka. Siku nyingine namkumbuka akikohoa mara ya pili, nami sina tena swali.

Hesabu sikuiacha. Mwaka wa pili wa ndoa nilizipanga moja kumi na tatu bega kwa bega, nikazigawa kwa hamsini na tatu kwenye matope ya shambani, hakikubaki kitu. Nilisimama peke yangu kati ya mpunga. Sikuwa na wa kumwambia.

Vita vilipokuja, Wajerumani wakaondoka, stesheni kuu ikafungwa, naye akarudi nyumbani. Wakati huo tulikuwa tumehamia mbali naye kidogo, tukilima upande wa mtoni. Nilisikia tu kwamba amezeeka, macho yamefifia, mkono unatetemeka hata chaki haikai.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa natoka sokoni Lyulilo, jua la saa tisa, tenga la vyungu kichwani. Nikamwona anakuja na fimbo. Nilitua tenga, nikaingia kwenye matete, nikafunika kichwa. Nilingoja apite. Hakupita. Alinipa mgongo, kama inavyotakiwa, kisha akaketi juu ya jiwe kando ya njia.

"Ninasema na matete," alianza. Sauti ilikuwa ile ile. "Matete, sikieni. Waingereza wanataka mwalimu mmoja wa hesabu kwa shule za huku. Bwana wao amesikia habari ya zile saba. Amesema kama niliigawa ile, nigawe na hii. Amenipa moja kumi na tatu. Jumatatu anataka jibu, la sivyo ninabaki mzee wa kulishwa." Akaongeza, "Nikipata, nitamwambia na ile ya kwanza ilikuwa ya nani. Nitasema mbele ya watu wote."

Akaanza kugawa kwa kichwa, kwa sauti, kama tulivyofanya bandani.

"Hamsini na tatu," alisema. "Mia moja na kumi na moja, mara mbili, inabaki tano. Hamsini na moja, haiingii. Mia tano na kumi na moja, mara tisa, inabaki thelathini na nne. Mia tatu arobaini na moja, mara sita, inabaki ishirini na tatu. Mia mbili thelathini na moja, mara nne, inabaki ishirini na tisa."

Inabaki kumi na tisa. Alikuwa amesahau kukopa, kosa ambalo alikuwa akituchapia. Akaendelea nalo, mia mbili tisini na moja, mara tano, akizidi kupotea kwa kila hatua, na mimi nimekaa umbali wa kunyoosha mkono, nikilijua neno moja ambalo lingemrudisha. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka chini ya kitambaa. Kutoka Ngana mpaka Lyulilo hapakuwa na mtu mwingine ambaye ningemwambia jambo lile naye akaruka na kulia. Ni yeye tu, na nilitamani Mwalimu wangu wa zamani arudi.

Nikasubiri ageuke aniite kwa jina. Hakugeuka. Aliendelea kusema na matete.

"Inabaki kumi na tatu," alimaliza. "Hamsini na tatu nayo hapana." Alikaa kidogo, akingoja. Kisha akakohoa, kikohozi cha kawaida cha mzee, akashika fimbo. "Ndaga, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Jumatatu alimpelekea Mwingereza jibu kwamba haigawanyiki, na nafasi ikapewa mtu mwingine. Ile ya kwanza hakumwambia mtu ilikuwa ya nani. Lakini siku ile njiani sikuyajua hayo bado. Nilikaa katika matete mpaka hatua zake zikapotea ng'ambo ya kijito, nikafunua kichwa, nikasema kwa sauti, "Kumi na tisa, Mwalimu," halafu nikajitwika vyungu vyangu.